Gemu Lililoitwa Mtobozano

Miaka michache kabla ya korona, dhahabu iliibuka Kemorara, wilayani Tarime, na watu wakaibuka nayo. Kilima kilichokuwa malisho ya ng'ombe wa koo mbili kiligeuka matundu matupu, kama kichuguu kilichofukuliwa na muhanga. Walikuja watu kutoka Mugumu, kutoka Geita, hata kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka. Waliokuja na sururu walikuja, waliokuja na masufuria ya kupikia walikuja, na Kornelio Waitara alikuja na bisibisi zake, sola moja na kompyuta kuukuu. Akafungua kibanda cha kutengeneza simu kando ya njia inayokwenda kwenye makarasha, ile mitambo ya kusagia mawe inayounguruma kutwa kucha.

Kornelio hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwao ni Turwa. Alisomea kompyuta Mwanza, na baba yao alipofariki akarudi nyumbani kabla ya kumaliza, na ujuzi ambao hakuna aliyeuulizia. Alikuwa amevuka thelathini na hana mke, jambo ambalo kwa Wakurya huwafanya watu wakutazame mara mbili. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumfanya acheke mpaka ashike mbavu, naye ni kaka yake, Nyangwine.

Nyangwine ndiye aliyemwita Kemorara. "Njoo, mura," alimwambia kwenye simu, akimwita kijana kwa Kikurya. "Huku simu zinakula vumbi na maji kila siku. Utachoka wewe, kazi hazitaisha." Yeye mwenyewe alikuwa mchimbaji, mtu wa mbele katika duara lake, maana huko shimo la dhahabu huitwa duara hata likiwa na pembe nne. Jua likielekea kuzama alipanda juu, akaoga, akaja kibandani na mkewe Mokami, na wote watatu wakala ugali kwenye sinia moja. Nyangwine alitembea bega la kushoto likiwa limeinama, kwa sababu ya miaka mingi ya kubeba viroba vya mawe, na Kornelio alimtambua kwa mbali kabla hajauona uso wake.

Sasa, chini ya ardhi hakuna mipaka. Duara hili hufuata mwamba wa dhahabu kuelekea mashariki, lile nalo hufuata mwamba uleule kuelekea magharibi, na siku moja watu wa huku husikia nyundo za watu wa kule. Ukuta ukitoboka, wachimbaji huita mtobozano, na mwenye nguvu ndiye mwenye mwamba. Siku ukuta wa duara la akina Nyangwine ulipotoboka, yeye ndiye aliyekuwa mbele. Walipigana kwa mawe, nyundo na patasi, kila mtu akiona kile tu kilichomulikwa na tochi ya kichwani mwake. Walimpandisha juu kwa kamba ya winchi, uso wake umefunikwa shati la mtu mwingine.

Polisi walikuja, wakaondoka na baadhi ya watu. Wazee wa koo wakakaa. Duara likafungwa, kisha likafunguliwa tena kwa jina lingine. Nyangwine akazikwa Turwa, nyuma ya nyumba ya mama yake.

Msibani Kornelio alisikia habari ya mtobozano ikisimuliwa na watu waliokuwemo na wengi zaidi ambao hawakuwemo. Waliisimulia kama mpira wa Simba na Yanga: fulani alimchapa fulani, fulani akaruka, fulani akakwepa. Wasikilizaji waliguna pale pa kuguna. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki akingoja mtu aseme ilikuwaje kule chini, na hakuna aliyesema. Labda hawakuwa na maneno ya kuisemea.

Aliporudi Kemorara aliomba ateremshwe kwenye duara moja lililokuwa limepumzika. Wakamshusha. Akakaa huko peke yake, akazima tochi, akawasha simu irekodi sauti. Maji yalidondoka mahali asipopaona. Kutoka mbali, ndani ya jiwe, zilikuja nyundo za watu wengine, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Alipopandishwa juu alikuwa ameshajua atafanya nini.

Chuoni alikuwa amejifunza kutengeneza vigemu vidogo vya kompyuta. Akaanza kutengeneza moja. Mchezaji anashuka kwenye duara kwa kamba. Skrini yote ni nyeusi isipokuwa duara dogo la mwanga, na mwanga huo unakwenda pale tu unapogeuza kichwa. Mawe ya ukutani aliyapiga picha moja moja. Mtu anayeongozwa na mchezaji alimpa mwendo wa kaka yake, lile bega la kushoto limeinama. Uso hakumchorea. Mwisho wa njia kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna nyundo. Ukiupiga unatoboka, na hapo wanatokea watu, na ni lazima upigane. Unaweza kumwangusha mmoja, wawili, watatu. Kushinda huwezi. Mwishowe nyundo inatoka mahali usipopatazama, unaanguka, tochi inadondoka na kumulika kijiwe kimoja kidogo, na kijiwe hicho kinabaki kwenye mwanga mpaka betri iishe.

Damu ilimsumbua kuliko vyote. Nyekundu ya kawaida ilionekana kama rangi ya kupaka milango. Alijaribu na kujaribu, mpaka akagundua kwamba kwenye mwanga wa tochi, juu ya vumbi lile, damu huonekana nyeusi, inang'aa kidogo pembeni tu. Akaifanya hivyo. Ilipokaa sawa aliweka mikono usoni.

Msimu mzima alifanya kazi hiyo. Watu walimwona ameinamia kompyuta wakadhani anatengeneza simu zao. Alikuwa na upweke wa aina mbili: ule wa kufiwa, na mwingine uliotokana na wazee. Wazee walikuwa wamemwambia aichukue nyumba ya kaka yake, yaani amchukue Mokami, kama desturi inavyotaka. Alijibu, "Nipeni muda." Mokami hakujibu lolote. Tangu hapo sinia likakoma. Mokami aliuza uji na chapati kule kwenye makarasha, na wakipishana njiani walisalimiana kama majirani waliogombana, ingawa hawakuwa wamegombana.

Mtu wa kwanza kuliona gemu alikuwa Everlyne, Mjaluo wa Sirari, mama mmoja mchangamfu aliyekuwa na kibanda cha gemu pale Kemorara: televisheni kadhaa, mabenchi, gemu za mpira na za bunduki. Alileta pedi zake za kuchezea zitengenezwe, akaona kilichokuwa kwenye skrini.

"Hii ni nini, Kornelio?"

"Gemu."

"Najua ni gemu, kwani mimi ni kipofu? Ni ya nani?"

"Yangu. Nimelitengeneza mwenyewe. Linaitwa Mtobozano."

Everlyne alivuta kigoda, akacheza mpaka tochi ikadondoka. Akakaa kimya, na kwake yeye kukaa kimya ni habari. Kisha akasema, "Leta kwangu. Watu waone."

Kornelio alitaka kukataa. Lakini mtu akishapika chakula kizuri, hata awe mpweke vipi, hutamani mwenzake aonje. Akalipeleka.

Siku ya kwanza mchimbaji mmoja, pande la mtu, alishika pedi akicheka. Alipoangushwa, kijiwe kikabaki kwenye mwanga, naye akaweka pedi kwenye benchi taratibu, akatoka nje, akaenda kusimama mbali akitazama kilima. Kibanda kizima kilinyamaza. Kornelio aliyekuwa mlangoni alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu msiba: kwamba kuna mtu mwingine aliyeko mahali alipo yeye.

Haikuwa hivyo siku zote. Wengine walicheza kwa kushindana ni nani atawaangusha wengi zaidi. Wengine walichagua upande na kutaja maduara yao. Mchana mmoja vijana wawili walitoka nje wakapigana ngumi kwelikweli, mmoja akavunjwa jino. Kesho yake Kornelio aliitwa ofisi ya kata.

Mtendaji wa kata, Mzee Waisiko, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mzima aliyechoka, mwenye sauti ya upole, na katika miaka ile alikuwa amehudhuria mazishi mengi kuliko harusi.

"Shikamoo, tata," alisema Kornelio.

"Marahaba. Kaa, mura. Wewe ndiye uliyechora watu wanauana?"

"Nimechora mtobozano."

"Ni kitu kilekile."

"Mzee, kwa Everlyne kuna gemu la bunduki. Mtu mmoja anamaliza mji mzima. Hilo halijaitwa hapa."

Mzee Waisiko alitabasamu kidogo. "Hao wanaouawa humo, mama zao wako Kemorara?"

Kornelio akatikisa kichwa.

"Basi. Wafu wa gemu lile hawana matanga. Wa kwako wanayo, na makaburi mengine udongo bado mbichi. Unamwonyesha mtu kifo cha ndugu yake kwenye televisheni, halafu unataka atoke pale akaoge alale?"

"Ndiyo maana nimelitengeneza."

"Ndiyo maana gani?"

Kornelio akasema, "Ni sanaa, mzee," na neno hilo likawa kubwa mdomoni mwake, kama amevaa koti la mtu mwingine.

"Sanaa ni ngoma. Sanaa ni litungu na nyuzi zake. Inafurahisha watu."

"Litungu hupigwa hata msibani. Linalia."

Mzee Waisiko alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, na hilo alilikubali. "Linalia," akasema. "Lakini halimpigi mtu nyundo." Akaegemea kiti. "Sikiliza, sitaki kukuvunja moyo. Toa damu. Mtu akipigwa asife, akae chini kidogo, aamke. Mwanzoni weka maneno ya usalama kazini, kofia ngumu, mambo kama hayo. Ukifanya hivyo nitakusemea kwenye maonesho ya vijana Musoma. Usipofanya, lile gemu nisilione tena kwenye kata yangu."

Kornelio alirudi kibandani. Kukubali kulimchukua muda, lakini alikubali. Aliogopa kwamba likikatazwa kabisa hakuna atakayejua kuwa liliwahi kuwepo. Akatunza nakala ya lile la kwanza kwenye kompyuta yake, akafuta damu kwenye nyingine. Akawafanya wanaoanguka wakae kitako, wapapase vichwa, wainuke. Kazi iliyomchukua msimu mzima kuijenga ilimchukua siku chache tu kuibomoa.

Na hapo ndipo gemu lilipopendwa! Kibanda cha Everlyne kilijaa mpaka nje. Walikuja wapishi, walikuja wanafunzi wakitoka shule. Mtendaji mwenyewe alikuja, akashika pedi, akampiga mtu nyundo ya kichwa, mtu akakaa, akapapasa kichwa, akainuka, na mzee akacheka mpaka akatoa leso. "Mpige tena!" watu walipiga kelele. "Tena! Tena!" Zamani kila mtu alipoanguka palikuwa na kimya, hata kama ni kifupi. Sasa kimya hakikuwepo. Walimpiga mtu yuleyule mpaka mikono ikachoka kubonyeza, na hakuna aliyehuzunika, kwa kuwa hakuna aliyeumia. Kornelio alisimama mlangoni akiwatazama wanavyofurahi. Watu wengi walimpiga begani kumpongeza siku ile, na hakuwahi kujiona yuko mbali na watu kama siku ile.

Siku moja Mokami alileta chapati alizoagizwa na Everlyne. Alisimama mlangoni na beseni lake, akatupa jicho kwenye televisheni kama mtu yeyote anavyotupa jicho. Kwenye skrini mtu alikuwa anatembea kwenye njia ya chini ya ardhi, bega la kushoto limeinama.

Beseni likateremka kidogo mikononi mwake. "Yule ni Nyangwine," alisema.

Hakuna aliyesikia isipokuwa Kornelio. Ukuta ukatoboka, nyundo ikatua kichwani mwa yule mtu. Mtu akakaa kitako, akapapasa kichwa, akainuka. Watu wakacheka. Nyundo ikatua tena, akainuka tena.

"Shemeji," Mokami alisema polepole, bila kuondoa macho kwenye skrini, "mbona anaamka?"

"Walisema asife."

"Nani walisema?"

"Ofisi."

"Mimi ndiye niliyefunua lile shati," alisema Mokami. "Pale juu, mbele ya winchi. Wanaume wote walikuwa wamesimama, mimi ndiye niliyelifunua. Hakuamka."

Akampa Everlyne chapati zake. Kisha akamgeukia Kornelio: "Kuna lingine? La kweli?"

Walitembea mpaka kwenye kibanda cha Kornelio. Kornelio akafungua gemu la kwanza, akataka kumweleza, Mokami akakataa kwa mkono. "Niambie tu cha kutembelea ni kipi." Akaonyeshwa. Akaketi wima, pedi mapajani kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake, akamtembeza mumewe gizani mpaka ukutani. Zile nyundo zikaanza, ko, ko, ko. Hapo akamsimamisha.

Hakuupiga ukuta. Kornelio alingoja. Gemu alikuwa amelitengeneza hivi kwamba ukuta hautoboki mpaka mchezaji aupige, na katika watu wote waliolicheza hakuna aliyewahi kusimama. Wote waliupiga ukuta mara tu walipoufikia. Mokami alikaa pale. Tochi ilimulika mawe. Maji yalidondoka. Nje makarasha yaliunguruma, wauza chai wakaanza kufunga vitu vyao, na yeye bado amesimama na mumewe mbele ya ukuta.

"Hapa ndipo alipokuwa," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alisikia kwamba wapo."

"Alisikia."

"Alijua wakitoboa kutakuwa na nini."

Kornelio aliutazama ule ukuta.

"Angeweza kurudi, shemeji. Njia ipo nyuma yake, ninaiona. Angeweza kugeuka akarudi nyumbani, na hakurudi." Sauti yake ilipanda. "Mwaka mzima nimewachukia watu wa duara lile. Leo nimemkasirikia yeye!" Akaweka pedi chini, akalia kwa hasira, kilio cha mke aliyeachwa, siyo cha mjane. Kornelio alikaa pembeni yake asijue pa kuweka mikono.

Alipomaliza alijifuta na khanga. "Sijui kama umefanya vizuri au vibaya," alisema. "Lakini lile la kule, la kuamka amka, liondoe."

Kornelio aliliondoa kesho yake, na Everlyne aliwaka.

"Sasa wewe ni mtu wa aina gani? Watu wanakuja kwa sababu ya hiyo, unanitolea hiyo!"

"Chukua lile la kwanza."

"Ya kwanza imekatazwa! Mimi hapa ni mgeni, Kornelio. Mkosane na ofisi nyinyi wenyeji, mimi niachwe." Akapoa kidogo, akamtazama kwa huruma. "Lakini ile ya kwanza ndiyo ilikuwa gemu. Hata mimi najua."

Hakulichukua. Na lile alilolifuta kwenye mashine za Everlyne lilikuwa limeshatoka kitambo, limebebwa na watu kwenye flashi kutoka machimbo mpaka machimbo. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Maonesho ya Musoma yalikuja na kupita, na mtendaji hakumtaja.

Mokami aliondoka Kemorara mvua za kwanza zilipoanza. Alikwenda Sirari kwa dada wa mama yake, akaanza kuuza vitenge karibu na mpaka. Mwamba nao ukapungua, watu wakahamia wanakosikia dhahabu imetokea, na Kornelio akahamisha bisibisi zake Tarime mjini, mtaa wa Nkende, akapanga chumba chenye dirisha linalotazama barabara.

Mara moja moja alikwenda Sirari kununua vioo vya simu. Safari moja alisikia kelele kwenye kibanda cha gemu, "Mpige tena!", akachungulia. Lilikuwa lake. Mtu alikuwa amelibadilisha jina, linaitwa Nyundo, na yale maneno ya kofia ngumu yameondolewa. Alimuuliza mwenye kibanda gemu hili limetoka wapi. "Kenya," mwenye kibanda alijibu kwa uhakika.

Siku hiyohiyo alipita kwa Mokami. Mokami alimpa kigoda, akamwagizia soda, na baada ya habari za mama na za mahindi akamwambia kwamba kuna wakala wa forodha, mtu mzima mwenye heshima zake, wamekubaliana kuoana. Wazee wa pande zote wameshaambiwa.

"Nimefurahi, shemeji," alisema Kornelio, na kwa sehemu ilikuwa kweli.

"Lile gemu la kwanza, bado unalo?"

"Lipo."

Mokami aliitikia kwa kichwa, akainuka kumpimia mteja kitenge. Hakuomba kuliona, na Kornelio hakumtolea.

Mwaka uliofuata alifika mteja dukani Nkende, mwanamume mwembamba mwenye simu iliyoingia maji. Aliposikia jina la fundi alisita, akawa kama anataka kuondoka, kisha akakaa. "Naitwa Simioni," alisema. "Nilikuwa Kemorara. Duara la upande wa pili."

Bisibisi ya Kornelio ikasimama.

"Nilisikia ulitengeneza kitu," Simioni akaendelea. "Nikaliona hapo Sirari, nikasema hapana, haliwezi kuwa hilo."

"Siyo hilo."

Kornelio hakujua kwa nini alifanya alichofanya. Aligeuza kompyuta, akampa pedi. Simioni alicheza mara moja tu. Alishuka, akatembea, akaupiga ukuta, akapigana, akaangushwa, akatazama kijiwe mpaka mwanga ukazimika. Jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na baridi ya mvua.

"Kulikuwa na giza kuliko hivi," alisema. "Vumbi la ukuta lilimeza mwanga wote. Na hapa umewafanya watu wapige kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Tulikuwa kimya wote, sisi na wao. Kupumua tu."

"Nani alimpiga?"

Simioni alitazama mikono yake. "Sikuona," alisema. "Tochi yangu ilikuwa imeanguka."

Inaweza kuwa kweli. Inaweza isiwe. Kornelio alimtazama, na hakumwona mtu wa kumchukia wala wa kumkumbatia, aliona mtu tu. Akamrudishia simu yake ikiwa imekauka. Simioni akaaga, akaenda zake kwenye manyunyu, na hawakuonana tena.

Mchana ule Kornelio alifunga nusu ya mlango, akatoa kelele zote kwenye gemu. Akabakiza nyundo, maji na pumzi. Akaongeza vumbi mbele ya tochi mpaka mwanga ukawa kama ukungu unaotembea. Kisha akacheza toka mwanzo, na kwa mara ya kwanza akaogopa, mwili mzima, kama mtu asiyejua kinachokuja. Lilikuwa limekamilika. Alitazama pembeni, pale ambapo mtu angekaa kama angekuwepo mtu, akaona kigoda chenye boksi la chaja mbovu.

Mwanafunzi mmoja akasukuma mlango, ameshika simu yenye kioo kilichopasuka. "Shikamoo, fundi. Umefungua?"

"Marahaba," alisema Kornelio, akaiwasha taa. "Ingia."